Kituo cha Atomu cha Mont Amba: historia yake na kazi yake



Kila mwaka, tunapofika ku somo la kiini cha atomu mu kalasi ya sita ya math-fizik, swali moja linarudi: «Je, ni kweli Kongo ina reakta ya atomu?» Wengine wanacheka. Wengine wanajibu ndiyo, na wanaongeza ya kwamba Wazungu waliificha chini ya kilima ili kutengeneza bombe. Tumeona vizuri kuandika somo hili, maana wenye kucheka na wenye kuongeza wote wamekosea. Reakta iko, tena ziko mbili, ku Kinshasa, ndani ya universite, ku kilima kinachoitwa Mont Amba mu komini ya Lemba. Zote mbili zimezimwa. Hazikufanywa kwa bombe, hazikufanywa hata kwa kutoa umeme. Zilifanywa kwanza kwa kufundisha watu.

Jina lake linasema hivyo. Reakta za namna ile zinaitwa TRIGA. Herufi T ni ya mafunzo, R ni ya uchunguzi, I ni ya isotopu, na GA ni kampuni ya Marekani iliyozitunga, General Atomic. Wakachukua mwanzo wa neno TRIGA, wakaunga mwanzo wa neno Congo, ikawa TRICO. Basi mafunzo njo yanatangulia mu jina.

Mawe ya Shinkolobwe

Hatuwezi kueleza ginsi reakta ilifika Kinshasa tusipoanza mbali, ku Katanga. Mwaka 1915 Mwingereza mumoja, Robert Sharp, aliona mawe ya urani ku Shinkolobwe, karibu na fasi tunayoita leo Likasi. Union Minière ikachimba mawe yale kwanza kwa kupata radiumu, iliyouzwa bei kali sana kwa waganga wa Ulaya. Urani yenyewe ilikuwa sawasawa na makapi.

Kiisha vita vikaja. Mwaka 1940 mukubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alituma tani zaidi ya 1200 za mawe ya Shinkolobwe mpaka New York, yakawekwa ku Staten Island. Yalikuwa mawe tajiri kupita yote yaliyojulikana wakati ule. Mu Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na mengine mingi yakafuata. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa mu kazi ya kutengeneza bombe za kwanza ilitoka Shinkolobwe. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji wa Katanga hawakuambiwa mawe yao yalikuwa yakienda kufanya nini.

Tarehe 8 Desemba 1953, rais Eisenhower wa Marekani alisema mbele ya Umoja wa Mataifa ya kwamba atomu itumiwe kwa kazi za amani. Tangu pale Marekani ikaanza kusaidia inchi mbalimbali kupata reakta ndogo za kujifunzia. Ubelgiji, iliyouza mawe ya Kongo, ilikuwa na fasi yake mbele. Sisi tunaona ya kwamba Kongo ilipewa kitu kidogo kwa kitu kikubwa. Lakini kitu kidogo kile kilikuwa na akili ndani yake, na njo tunataka kukieleza polepole.

Reakta ya kupewa watoto wa shule

Mu mwaka 1956, wakati wa joto, kampuni General Atomic ilikusanya wataalamu ku San Diego, mu California. Haikuwa na nyumba bado, ikapanga shule ya zamani ya watoto wadogo, yenye rangi nyekundu, na wataalamu wakafanya kazi mu vyumba vya kalasi. Mu kundi lile mulikuwa Edward Teller, aliyefanya kazi ku bombe ya idrojeni, na kijana Freeman Dyson. Teller akawapa kazi ya ajabu. Hakutaka reakta yenye kulindwa na vifunguo na vibonyezo tu, maana mutu anaweza kuvivunja. Alitaka reakta ambayo watoto wa sekondari wanaweza kuachiwa wacheze nayo, na wasiumie.

Wasomaji, tufikiri kidogo. Wakubwa wa fizikia wameketi ku dawati za watoto, na kipimo chao cha usalama ni sisi, wanafunzi wa sekondari! Prefe wetu pengine hangekubali hata wao.

Walifanyaje? Tukumbuke somo. Kiini cha urani 235 kikipigwa na nutroni, kinapasuka, kinatoa joto na nutroni zingine mbili ao tatu. Hizo zinaweza kupasua viini vingine, na hivyo hivyo mbele. Lakini nutroni yenye kutoka inakimbia sana, na nutroni yenye mbio inapita urani bila kuipasua mara mingi. Inafaa ipunguzwe mbio. Njo sababu wanaweka maji: ndani ya maji muna idrojeni, na atomu ya idrojeni ina uzito karibu sawa na wa nutroni, basi zikigongana nutroni inapoteza mbio.

Mu reakta mingi idrojeni iko mu maji tu, inje ya fimbo za urani. Wale wa San Diego wakachanganya urani na chuma kinachoitwa zirkoni pamoja na idrojeni, kitu kimoja, ndani ya fimbo yenyewe. Sasa angalia. Mutu akikosea na reakta ikianza kupanda, kitu cha kwanza kupata moto ni fimbo. Fimbo ikipata moto, atomu za idrojeni ndani yake zinatetemeka kwa nguvu. Ni sawasawa na mupira: ukiupiga kwa mutu aliyetulia, unatulia ku miguu yake. Ukiupiga kwa mutu anayerukaruka, unarudi kwa mbio kuliko ulivyokuja. Nutroni zinapigwa hivyo, zinapata mbio, zinapita urani, na viini vyenye kupasuka vinapunguka. Reakta inajishusha yenyewe. Hakuna mutu anayebonyeza kitu, hakuna kengele. Inatendeka kwa kitambo kifupi sana, sehemu za sekunde zenye kuhesabiwa kwa elfu.

Ziko pia fimbo za kuzuia zenye boro, ambazo mutumishi anazishusha na kuzipandisha. Boro inameza nutroni. Lakini ulinzi wa kweli uko mu fimbo ya urani yenyewe, mu tabia ya asili yake. TRIGA ya kwanza ilianza kazi ku San Diego mu Mei 1958.

Mwaka 1959

Rekta wa universite Lovanium alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri Mubelgiji aliyesoma fizikia ya kiini. Lovanium ilianza mwaka 1954 ku kilima kile, na jina lake ni jina la Kilatini la muji wa Louvain ku Ubelgiji. (Sisi Waprotestanti tulingoja mpaka 1963 kupata universite yetu ku Kisangani.) Gillon alitaka chuo chake kisikose kitu ambacho vyuo vya Ulaya vilikuwa navyo. Akahangaika, akaomba, na reakta ikaja.

TRICO I iliwaka mara ya kwanza tarehe 6 Juni 1959. Ilikuwa reakta ya kwanza mu Afrika nzima. Misri ilipata yake mwaka 1961, na Afrika ya Kusini mwaka 1965. Ilikuwa mbele ya uhuru wetu kwa mwaka moja na siku 24.

Nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Mwenye kusikia «reakta» anafikiri nguvu ya ajabu, lakini kilowati 50 ni sawa na pasi 50 za umeme zenye wati 1000. Joto lenyewe halikutumiwa, liliingia mu maji tu. TRICO I ilikuwa ndani ya udongo, kama kisima. Maji yalikuwa juu ya fimbo kwa mita kadhaa, na maji yale yalifanya kazi mbili: kupoza fimbo, na kuzuia mionzi isiwafikie watu. Reakta ya namna ile ikiwaka, mutu anayesimama juu na kutazama chini anaona mwanga wa buluu mu maji. Mwanga ule unatoka kwa elektroni zinazokimbia mu maji kupita mbio ya nuru mu maji yale. Angalieni vizuri: mu maji. Mu utupu hakuna kitu chenye kupita nuru, wadogo wetu wasiende kubishana na mwalimu.

Kazi ilikuwa gani? Wanafunzi walijifunza kupima mionzi, kushusha na kupandisha reakta, kuweka kitu mu nutroni na kuhesabu kinavyokuwa. Jiwe la madini likiwekwa mule kwa muda, atomu zake zinaanza kutoa mionzi, kila aina na mionzi yake, na hivi mutu anajua muna nini ndani hata kama ni kidogo sana. Kwa inchi ya madini kama yetu si muchezo.

Tena kulikuwa isotopu kwa ajili ya uganga na ukulima. Hapa njo tunaona sababu nzuri kupita zote ya kuwa na reakta karibu. Chukua iyodi 131, inayosaidia kupima kidundu cha shingo kinacholeta goita. Iyodi ile inapunguka nusu kila siku 8. Ukiiagiza Ulaya na ikakawia siku 16 njiani na ku forodha, umelipa gramu nne umepata moja. Watu wa Kivu wanajua goita. Ku kisiwa cha Idjwi ilienea sana, na mu miaka ya 1960 waganga waliichunguza pale kwa kutumia iyodi yenye mionzi.

Fungulo mikononi mwa nani?

Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, hesabu ya Wakongo wenye diploma ya universite haikufika 30. Na inchi ilikuwa na reakta. Tunaandika jambo hili bila kucheka, maana linaeleza mengi. Mashini ilitangulia, watu wakafuata. Wabelgiji wengi walikimbia mu Julai ile, lakini kinu hakikufungwa. Kikaendelea, na Wakongo wakaanza kuingia mumoja mumoja. Anayejulikana zaidi ni profesa Malu wa Kalenga, enjenyere, aliyeongoza Kituo kwa miaka mingi.

Mwaka 1967 Umoja wa Afrika wa wakati ule, OUA, ulikubali Kituo kiwe cha sehemu yote, si cha Kongo peke yake. Njo jina lake la leo lilipotoka: Kituo cha Kimkoa cha Mafunzo ya Nyuklia cha Kinshasa, kwa kifupi CREN-K. Baadaye kiliwekwa chini ya Komisarya Kuu ya Nguvu za Atomu, CGEA. Inchi yetu ilitia sahihi mapatano ya kukataza kueneza silaha za atomu mwaka 1968 na kuyathibitisha mwaka 1970, na wakaguzi wa shirika la mataifa la Vienna wanakuja kuhesabu fimbo.

TRICO I ilizimwa mwaka 1970. Kitu kikubwa zaidi kilikuwa kinajengwa: TRICO II, ya megawati 1, ndiyo kusema mara 20 ya ile ya kwanza. Miaka ile haikuwa ya utulivu ku kilima. Mu Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliandamana wakaingizwa mu jeshi kwa nguvu, na mwaka ule ule Lovanium, universite ya Kisangani na ya Lubumbashi zikafanywa moja, UNAZA. TRICO II ikawaka mwaka 1972. Mwaka ule ule Inga I ilimalizika, yenye megawati 351. Mwenye kutaka umeme aende Inga. TRICO II ilikuwa ya kalasi na laboratwari.

Kiisha bei ya shaba ikaanguka kuanzia 1974, na mambo ya Zaire yakaharibika polepole. Reakta haianguki siku moja. Kinachoanguka ni mushahara wa mwenye kuilinda, kipuri kisichokuja kutoka Marekani, taa ya inje iliyoungua na haikubadilishwa.

Hapa lazima tuseme juu ya fimbo mbili. Fimbo mbili za urani zilitoka mu Kituo kwa wizi. Mwaka 1998 polisi ya Italia ilikamata moja mikononi mwa watu wa mafia waliotaka kuiuza. Ya pili haijaonekana mpaka leo. Watu wanavumisha ya kwamba ni bombe. Hapana. Fimbo ya TRIGA ina urani isiyofika gramu 200, na mu urani ile ile 235 haifiki sehemu moja ya tano. Bombe ya Hiroshima ilikuwa na kilo 64 za urani iliyosafishwa zaidi sana. Lakini fimbo iliyokaa mu reakta inaweza kumuumiza vibaya mutu anayeishika bila kujua, na mutoto akiiokota hataona alama ya hatari. Sisi njo tunaogopa ile.

Angalieni sasa. Wale wa San Diego walitunga reakta ambayo mwanafunzi hawezi kuiharibu hata akikosea. Walifaulu: mu miaka yote ya TRICO, sheria ya idrojeni na nutroni haikukosa kazi yake. Lakini hakuna sheria ya fizikia inayozuia fimbo isitoke kwa mulango. Kwa mulango inafaa mutu, na mutu yule inafaa alipwe.

Mu Novemba 2004 TRICO II ilizimwa. Mwaka ule ule ku Shinkolobwe, ambako Union Minière ilikuwa imefunga wakati wa uhuru, wachimbaji wa mukono walikuwa wakichimba kobalti. Serikali iliwakataza mu Januari, wakaendelea, na mu Julai shimo likawaangukia, watu 8 wakafa. Mawe na reakta, ndugu wawili, mwaka moja.

Mwaka 2006 watu wa ubalozi wa Marekani walitembelea Kituo na kuandika walichoona. Senyenge ya lupango ilikuwa na matundu, fasi zingine hakuna senyenge kabisa. Usiku hakuna taa. Wanafunzi wa universite walipita katikati kwa kufupisha njia, na karibu na nyumba ya takataka za mionzi watu walikuwa wamelima mihogo. Wengine mu kalasi yetu waliposikia habari hii walikasirika na Wamarekani, eti wanatuchafulia jina. Tunafikiri hasira ile imekosea fasi. Mwenye kulima mihogo pale hakuwa mubaya, alikuwa na njaa na sombe inaota mahali popote. Lakini mwenye kujua kilichokuwa mu nyumba ile, na akaacha lupango litoboke, huyo atuambie. Tangu pale misaada ilikuja ya kutengeneza ulinzi.

Kuna adui mwingine asiyeiba kitu: mvua. Kilima cha Mont Amba ni muchanga. Watu wa Kinshasa wanaijua eroziyo inayokula barabara na nyumba kwa usiku moja, na kilima kile pia kinaliwa. Reakta iliyozimwa si kitu kilichokufa. Fimbo zilizotumika zinaendelea kutoa mionzi, zinataka maji safi, zinataka hesabu, na zinataka udongo usioondoka chini yake.

Je, iwashwe tena? Mu kalasi yetu tumegawanyika. Upande mumoja unasema: hapana, mpaka taa za inje ziwake miaka kumi bila kuzimika. Upande wa pili unajibu: mukingoja hivyo, wenye kuijua watazeeka na kufa, na fimbo zitabaki na watu wasiozijua, ile itakuwa hatari kupita. Sisi wenye kuandika tuko zaidi na upande wa pili, lakini jambo la taa hatukuweza kulijibu.

Mazoezi kwa kalasi ya tano na ya sita

1. Laboratwari imepokea milikiri 80 za iyodi 131. Zitabaki ngapi kiisha siku 32?

2. TRICO II ilikuwa na megawati 1. Ingekuwa ya umeme, na joto lote likageuka umeme (jambo lisilowezekana, eleza sababu), ingewasha balbu ngapi za wati 60?

3. Eleza kwa maneno yako, bila kutumia muchezo wa mupira, kwa nini maji peke yake, yakiwa inje ya fimbo, hayawezi kushusha reakta haraka sawa na idrojeni iliyo ndani ya fimbo.

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa fizikia mbele ya Ijumaa.